Friji haipozi: tafuta kasoro ukiwa na mtoto, ajue inavyofanya kazi

Friji inapofanya kazi vizuri haina cha kumwonyesha mtoto. Ni kabati linalonguruma. Unafungua, unachukua, unafunga. Ikianza kusumbua ndipo maswali yanapokuja yenyewe: mbona maji hayana ubaridi, mbona barafu imejaa kila mahali, mbona chini kuna dimbwi? Usimwambie mtoto akae mbali wakati huo. Mwache akae karibu, mtafute pamoja. Dalili moja ikifuatwa mpaka kwenye chanzo chake humfundisha mtoto mambo ambayo mchoro wa kitabuni hauwezi.

Masharti ni mawili. Mkubwa ndiye anayegusa plagi, waya na sehemu ya nyuma ya friji. Kazi ya mtoto ni kutazama, kusikiliza, kupima na kuandika. Na kama mtu akigusa mwili wa friji anahisi umeme, hata kidogo tu, hapo hakuna somo. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani au swichi kuu, usiishike friji yenyewe, chomoa plagi, kisha ita fundi umeme akague friji na waya wa ethi wa nyumba.

Kwanza kabisa: friji haitengenezi baridi

Ukimwambia mtoto kwamba friji "inaleta baridi", maelezo yote yatakayofuata yatamchanganya. Kinachosafiri ni joto. Friji huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje, chumbani. Mshikishe mkono ubavuni mwa friji, au umwonyeshe kwa mbali yale mabomba membamba meusi ya nyuma kama friji yenu inayo. Panapashika joto, sivyo? Hilo ni joto lililotolewa kwenye maji na matunda yaliyo ndani, pamoja na lile linalotokana na umeme wenyewe.

Mfano unaokaa vizuri kichwani mwa mtoto ni wa mtumbwi unaovuja. Maji hayaachi kuingia, na ndani kuna mtu anayeyachota na kuyamwaga nje. Joto ndiyo maji, na kompresa, ile mota ndogo nyeusi inayonguruma nyuma chini, ndiye mchotaji. Mtumbwi ukianza kujaa, kuna mambo mawili ya kuuliza: je, maji yanaingia kwa kasi mno, au mchotaji ana tatizo? Karibu dalili zote zilizo hapa chini zinaangukia kwenye moja ya hayo mawili, na mtoto akishazoea ataanza kuzipanga mwenyewe.

Joto linachotwaje? Lowesha mgongo wa mkono wake kwa maji kidogo, kisha apulize. Atahisi ubaridi, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Ndani ya mabomba ya friji kuna kimiminika kinachogeuka mvuke kwa urahisi zaidi sana. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi iitwayo R600a, ambayo katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye takriban nyuzi 12 chini ya sifuri. Ndiyo, inachemka ilhali ni ya baridi, na hapo watoto wengi hushtuka. Wape muda washangae. Ikichemka ndani ya mabomba yaliyo kwenye friza, inabeba joto la humo. Kompresa inaivuta, inaikandamiza mpaka iwe moto kuliko hewa ya chumba, na inaisukuma kwenye mabomba ya nje, ambako joto linatoka na gesi inarudi kuwa kimiminika. Kisha inapenya kwenye mrija mwembamba sana, presha inashuka ghafla, na safari inaanza upya. Jacob Perkins alipata hataza ya mzunguko huu mjini London mwaka 1834, na friji za majumbani bado zinaufuata.

Kabla ya kusema "haipozi", pima

Mkono hudanganya. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, katikati ya friji, ukiache usiku kucha. Asubuhi kisome nyuzi 4 za Selsiasi au chini kidogo. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwambie mtoto kwa nini namba ni hiyo: vijidudu vingi vinavyoharibu chakula havifi kwenye ubaridi, ila huzaliana polepole sana. Juu ya nyuzi 4 vinaanza kushika kasi.

Kisha tazameni kitasa cha themostati, kile cha kuchagua kiwango cha ubaridi. Kwenye friji nyingi, namba kubwa ina maana ya ubaridi zaidi. Watoto, na hata wakubwa, hudhani namba ni nyuzi joto, wakaipeleka kwenye 1 wakitaka barafu. Friji ngapi zimeitiwa fundi kwa sababu hiyo tu!

Imekufa kabisa: hakuna mwanga, hakuna sauti

Balbu ya ndani ndiyo shahidi wa kwanza. Isipowaka, chomekeni kitu kingine kwenye soketi ileile. Kama nacho hakifanyi kazi, friji haina kosa. Tatizo liko kwenye soketi au swichi kuu. Kama kinafanya kazi, tazama plagi na fyuzi yake.

Balbu ikiwaka lakini kompresa iko kimya, subirini kabla ya kuhukumu. Themostati ikihisi ndani pameshapoa vya kutosha huizima kompresa, na pakipata joto huiwasha tena. Mpe mtoto daftari aandike saa inapoanza kunguruma na saa inaponyamaza. Mwisho wa siku atakuwa ameona friji inafanya kazi na kupumzika kwa zamu, na ataona pia kwamba wakati wa mchana wa joto zamu za kupumzika ni fupi. Kama saa nzima imepita, kitasa hakiko kwenye sifuri, ndani ni vuguvugu na bado kimya, hapo pana kasoro kweli, na mara nyingi ni themostati, kifaa cha kuwashia kompresa au kompresa yenyewe.

Inalia "tik", inanguruma kidogo, inazima, inarudia

Dalili hii hutokea sana baada ya umeme kukatika na kurudi. Kompresa inaposimama ghafla, upande mmoja wa mabomba unabaki na presha kubwa na mwingine presha ndogo. Ikilazimishwa kuanza papo hapo inashindwa kuzunguka, inapata joto, na kifaa kidogo cha kuilinda kinakata umeme. Huo ndio mlio wa "tik". Chomoa friji, subiri dakika 5 presha zilingane, kisha chomeka. Mtoto akae na saa ahesabu hizo dakika. Kusubiri nako ni sehemu ya utengenezaji.

Ikiendelea kulia hivyo hata baada ya kusubiri, angalia umeme wenyewe. Je, taa zinafifia? Je, friji imeunganishwa kwa ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba? Kompresa inapoanza huhitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, na umeme mdogo hauitoshi. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Isipobadilika, fundi akague kifaa cha kuwashia, ambacho si ghali ukilinganisha na kompresa. Usiiache ijaribu kutwa nzima, maana kila jaribio linaichosha mota.

Na umeme ukiwa umekatika, mtoto anauliza: tufungue tuone kama bado kuna ubaridi? Jibu ni hapana, na sababu anaijua tayari. Mchotaji amesimama, kwa hiyo kila tundu tunaloliongeza linajaza mtumbwi. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani husema friji isiyofunguliwa huhifadhi chakula salama kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Friza iliyojaa hudumu zaidi kwa sababu vitu vilivyoganda vinahitaji joto jingi mno kabla ya kuyeyuka.

Inanguruma bila kupumzika, na bado haipozi sawasawa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa kuwa sababu nyingi za dalili hii mnaweza kuziondoa wenyewe.

Anzeni na mpira wa mlango. Mtoto ashike kipande cha karatasi, afunge mlango juu yake, kisha akivute. Kikitoka kwa shida, mpira unabana. Kikiteleza chenyewe, hapo joto linapita. Azunguke mlango mzima, juu, pembeni, chini, akitia alama kwenye mchoro wake pale palipolegea. Mara nyingi mpira ni mchafu tu. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushwe, mjaribu tena. Ukiwa umekunjamana, kitambaa chenye maji ya moto huulainisha ukarudi kwenye umbo lake. Ukiwa umechanika, ubadilishwe.

Mkiwa hapo mlangoni, mwonyeshe kwamba ndani ya mpira kuna ukanda wa sumaku. Kipande kidogo cha chuma kitanasa. Sumaku hiyo haipo kwa ajili ya kubana hewa peke yake. Friji za zamani zilifungwa kwa komeo lisilofunguka kutoka ndani, na watoto waliojificha humo walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka mlango wa friji uweze kufunguliwa kwa ndani, na sumaku ndiyo njia iliyotumika sana kutimiza hilo. Mweleze mtoto jambo hili wazi, bila kulipunguza: hakuna mtu anayeingia ndani ya friji, iwe nzima au mbovu, hata kwa mchezo. Nawe, friji iliyokufa isitolewe nje ikiwa na mlango. Ung'oe kwanza.

Sababu ya pili iko nyuma. Mabomba ya nje yakifunikwa na vumbi, joto halitoki. Mchotaji anachota lakini hana pa kumwaga. Chomoa friji, ivute taratibu, ulisafishe vumbi kwa brashi laini. Pia iache nafasi ya kupumua kati yake na ukuta. Kitabu cha friji yenu kitataja sentimita ngapi. Kama ipo karibu na jiko au juani, ihamishwe. Mtoto akiuliza kwa nini, mrudishe kwenye kanuni: joto hutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kilicho baridi zaidi, na chumba kikiwa cha moto sana mabomba yanashindwa kulitoa.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Sufuria ya moto ikiingizwa friji, friji inalazimika kutoa joto lote la sufuria hiyo. Iache chakula kipoe kwanza, lakini kisikae nje zaidi ya saa 2. Na mlango ukiachwa wazi huku mtu anafikiria atachukua nini, hewa baridi, ambayo ni nzito, inamwagika chini na ya joto inaingia juu. Mtoto asimame peku mbele ya friji iliyofunguliwa, atausikia ubaridi miguuni. Baada ya hapo hamtahitaji kumkemea kila siku afunge mlango.

Friza inagandisha, chini ni vuguvugu

Dalili hii huwachanganya wengi, maana kompresa ni nzima na barafu ipo. Hutokea hasa kwenye friji zisizojenga barafu, zile ambazo mabomba ya baridi yamefichwa nyuma ya ukuta wa friza na feni hupuliza ubaridi kwenda chini kupitia matundu.

Kwanza ondoeni mfuko au kopo lililoziba matundu. Huenda kazi ikaishia hapo. Kisha fungua mlango wa friza, bonyeza kwa kidole kile kitufe kinachozima taa mlango unapofungwa, msikilize kama feni inazunguka. Kwenye friji nyingi za aina hii feni husimama mlango ukiwa wazi, na kitufe ndicho kinachoipa habari. Feni ikiwa kimya huku kompresa inanguruma, imekufa au imenaswa na barafu.

Hapa kuna jambo ambalo mtoto hatalitarajia: ndani ya friji ya aina hii mna hita. Mvuke wa hewa unaoingia kila mlango unapofunguliwa hugandia kwenye mabomba ya ndani. Barafu hiyo ikizidi inageuka blanketi, hewa haipiti. Kwa hiyo mara kwa mara friji husimamisha kompresa, huwasha hita kwa muda mfupi, na maji yanayeyuka na kutiririka nje. Hita, kihisi au saa yake ikiharibika, barafu inajaa na feni inakwama.

Jaribio la kuthibitisha halihitaji kifaa chochote. Toeni chakula chote, chomoeni friji, acheni milango wazi kwa siku nzima, mtandike vitambaa chini. Washeni tena. Ikipoza vizuri kwa siku kadhaa kisha dalili ikarudi, mmeshajua: kasoro iko kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu, na hilo ndilo la kumwambia fundi. Isipopoza hata baada ya hapo, tatizo ni feni au jambo jingine.

Barafu nene kwenye friza ya kawaida

Kwenye friji isiyo na hita, barafu ni kawaida, lakini ikijaa haraka angalieni mpira wa mlango. Ikifika unene wa nusu sentimita hivi, yeyusheni. Chomoa, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga, ngojeni. Usitumie kisu wala bisibisi. Bomba la gesi limepita chini ya hiyo barafu, ni laini, na likitobolewa friji imekwisha. Zaidi ya hayo, R600a inashika moto.

Maji chini ya droo ya mboga

Tazameni ukuta wa nyuma, sehemu ya chini. Kuna kitundu kidogo. Maji ya barafu iliyoyeyuka hupita humo yakaenda kwenye sinia lililo juu ya kompresa, na joto la kompresa huyakausha. Kitundu kikiziba kwa punje au jani, maji yanamwagika ndani. Kizibueni kwa mrija laini na maji ya uvuguvugu. Mtoto amimine kijiko kimoja cha maji aone kama yanashuka. Hii kazi wanaipenda kuliko zote.

Yasiyo kasoro

Ubavu kuwa wa moto: mabomba ya nje yamefichwa humo. Sauti ya maji kububujika: ni gesi inayopita. Mlio wa "ta!" usiku: plastiki inajikunja na kunyooka joto likibadilika. Jasho nje ya mlango siku yenye unyevunyevu mwingi: mvuke wa hewa umekutana na kitu cha baridi.

Mlango kugoma kufunguka mara tu baada ya kufungwa hauhitaji fundi, ni zawadi kwa mwalimu. Hewa ya joto iliyoingia inapoa ghafla, inasinyaa, na presha ya ndani inakuwa ndogo kuliko ya nje. Hewa ya chumba ndiyo inayousukuma mlango. Baada ya muda mfupi hewa kidogo hupenya na mlango hulegea.

Mtoto akitaka kujua kama taa huzimika kweli mlango ukifungwa, wekeni simu ndani ikirekodi video, mfunge kidogo, mtoe. Ikionekana inawaka muda wote, kitufe ni kibovu na balbu inapasha joto humo ndani. Na akipendekeza friji iachwe wazi ipoze chumba, asichekwe. Ni swali zuri. Friji ingetoa joto chumbani na kulirudisha chumbani humohumo, tena ikiongeza joto la umeme wake. Chumba kingezidi kupata joto.

Fundi akisema gesi imeisha

Gesi ya friji haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, kwa miaka yote ya maisha ya friji. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Dalili zake ni kompresa isiyopumzika, mabomba ya nje yasiyopata joto la maana, na ukungu wa barafu unaoshika sehemu ndogo tu ya mabomba ya ndani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni: imevujia wapi? Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kuilipia tena baada ya muda. Kazi iliyo sahihi huanza kwa kutafuta uvujaji na kuuziba, kisha kubadilisha kichujio, kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, na mwisho kuweka gesi ya aina ileile, ikipimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Kwa R600a gramu hizo ni chache, kwa kawaida hazizidi 150, hivyo kukadiria kwa macho hakufai. Na kwa kuwa inashika moto, chumba kiwe na hewa ya kutosha, kusiwe na moto wa aina yoyote, na mtoto atazame akiwa mlangoni.